Jina Lako, Ukoo Wako, Kitambaa Gani?

Mtu akiingia katika duka la mavazi ya kitamaduni jijini Edinburgh na kusema anaitwa MacDonald au Campbell, muuzaji hana haja ya kumuuliza babu yake alizikwa wapi. Anafungua orodha ya majina, anapitisha kidole, kisha anamshushia jora la tartani, kile kitambaa cha sufu chenye mistari ya rangi inayokatana na kuunda miraba, na kumwambia kuwa hicho ndicho cha kwao. Hamu ya kupata kitu kama hicho ipo pia Kampala. Wanaukoo wakikutana huagiza fulana zenye picha ya simba, tumbili au kamongo. Timu za mashindano ya mpira ya koo za Buganda, yaliyoanza mwaka 1950 enzi za Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Muteesa II, huingia uwanjani kila moja na jezi yake. Kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe, familia nzima hushona sare kwa vitambaa vilivyonunuliwa Kiyembe, mtaa wa wauza vitambaa jijini. Kutoka hapo hadi kuuliza kitambaa halisi cha ukoo wangu ni kipi ni hatua fupi. Ninachodai katika sura hii ni kwamba swali hilo halijibiki kwa kuanzia jina, na wala kuiga Scotland hakutalijibu. Waskoti wenyewe waligawana vitambaa juzi tu, na Buganda ilitofautisha koo zake kwa mambo mazito kuliko rangi za nguo.

Tuanze na Waskoti, maana sifa ya tartani imewatangulia. Kuvaa kitambaa cha miraba katika nyanda za juu za Scotland ni desturi ya kale kweli, na hakuna mwanahistoria anayelikana hilo. Kilicho kipya ni kanuni kwamba kila ukoo una mraba wake. Katika mchoro maarufu wa David Morier unaoonyesha vita vya mwaka 1746 kati ya waasi wa nyanda za juu na jeshi la mfalme wa Uingereza, wapiganaji wamevaa tartani za kila namna, na mtu mmoja ana mbili tatu tofauti mwilini mwake. Waasi walitambuana kwa utepe mweupe kofiani. Baada ya kushindwa kwao, sheria ya mwaka huohuo iliwakataza wanaume wa huko kuvaa mavazi yao ya asili, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1782. Kizazi kizima kikakua bila kuyavaa, isipokuwa wale walioandikwa katika vikosi vya jeshi la Uingereza.

Palipoachwa wazi na marufuku hiyo, biashara ndiyo iliyoingia. Kiwanda cha William Wilson na mwanawe katika mji wa Bannockburn kilifuma tartani kwa wingi, na mingi ya mitindo yake ilitambulika kwa namba tu au kwa majina ya miji. Mwaka 1815 Chama cha Nyanda za Juu cha London kiliwaomba machifu wa koo wapeleke sampuli za tartani zao ili zihifadhiwe. Baadhi yao hawakujua yao ni ipi, wakaenda kumuuliza mfumaji. Miaka saba baadaye Mfalme George IV alizuru Edinburgh. Mwandishi Walter Scott ndiye aliyepanga sherehe, akawahimiza machifu waje na watu wao wakiwa wamevaa kiukoo. Kiwanda kikazidiwa na maagizo. Mwanahistoria Hugh Trevor-Roper ameeleza kuwa tartani iliyopewa jina la Macpherson ilikuwa kabla ya hapo ikiitwa Kidd, kwa sababu bwana mmoja wa jina hilo aliinunua kwa jumla ili kuwavisha watumwa wake wa visiwa vya Karibi, na kabla ya Kidd ilikuwa na namba tu. Mwafrika anayesoma habari hiyo ana haki ya kutulia hapo kidogo. Kitambaa ambacho leo mtu hukivaa harusini kwa fahari ya damu ya mababu kilikuwa kwanza cha kuwafunika watu waliotenganishwa na mababu zao kwa nguvu.

Yaliyobaki yalikamilishwa na ndugu wawili waliojiita wajukuu wa ukoo wa kifalme wa Stuart. Mwaka 1842 walichapisha kitabu cha tartani za koo wakidai kimetokana na hati ya karne ya 16. Hati hiyo ilikuwa ya kughushi, lakini mitindo mingi iliyomo inavaliwa mpaka sasa. Baadaye wauza nguo wakatunga orodha za familia ndogondogo zinazodaiwa kuwa chini ya koo kubwa, ili hata mwenye jina la kawaida kabisa asitoke dukani mikono mitupu. Hayo yote hayamfanyi Mskoti anayevaa tartani leo kuwa mwongo. Yanaonyesha tu kwamba njia ya kutoka kwenye jina hadi kwenye kitambaa ilichongwa na wenye maduka, na yeyote anayetaka kuichonga upya Kampala ajue inaanzia wapi.

Tena Kampala si mgeni wa mambo haya. Alexander Mackay, mhandisi wa misheni ya Kianglikana aliyefika Buganda mwaka 1878, alizaliwa Rhynie katika jimbo la Aberdeen, huku nchi ya ukoo wa Mackay ikiwa mbali kaskazini, Strathnaver. Jina lake lingempa tartani mara moja, ila lisingetuambia lolote kuhusu mahali alipolelewa. Karibu miaka mia moja baadaye Idi Amin, aliyekuwa amehudumu chini ya maofisa Waskoti katika jeshi la kikoloni, alijiita Mfalme wa Scotland, akawa na bendi ya wapiga zumari waliovaa kilti. Yeye hakuwa hata na jina la Kiskoti. Vazi lililokwisha kuachana na nasaba linaweza kuvaliwa na yeyote kwa dai lolote, na dai la mtawala huyo lilipita kimo.

Sasa tuje Buganda. Jambo la kwanza linalomkwamisha anayeanzia jina ni kwamba Waganda wa zamani hawakuwa na jina la familia. Baba na watoto wake hawakuchangia jina moja. Kila ukoo una hazina ya majina yake, ya kiume na ya kike, na mtoto hupewa mojawapo, mara nyingi la mhenga aliyefariki. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano tofauti, na yote matano yakawa ya ukoo mmoja. Desturi ya watoto wote kubeba jina la baba ilikuja na shule, kanisa na fomu za ofisi, nayo imeenea sana mjini. Matokeo yake, msichana anaweza leo kubeba jina la kiume la babu yake hadi kwenye pasipoti, huku jina lake la ukoo likiwa limesahaulika au halikutolewa kabisa.

Pili, majina mengi yanayosikika kila siku Kampala hayana ukoo. Wasswa na Kato ni majina ya mapacha wa kiume, Babirye na Nakato ya mapacha wa kike, na Kizza ni anayezaliwa baada ya mapacha. Yanatolewa katika koo zote. Mukasa, Kiwanuka na Musoke yanatokana na balubaale, miungu ya imani ya jadi, na wenye majina hayo wamo katika koo mbalimbali. Kuna majina yanayokupeleka moja kwa moja kwenye ukoo, lakini mengi kati ya yale yenye hakika kubwa ni ya vyeo: Walusimbi ni mkuu wa ukoo wa Ffumbe, yaani fungo, Ndugwa ni wa Lugave, kakakuona, Mugema ni wa Nkima, tumbili, Gabunga ni wa Mmamba, kamongo, Kasujja ni wa Ngeye, mbega. Duka la Kampala lenye orodha ya majina kama ile ya Edinburgh lingewapa watu wengi mwiko wa watu wengine.

Na mwiko wa watu wengine si jambo la kupuuza kama mraba usio wako. Hapa ndipo tofauti ya Kampala na Edinburgh inapokuwa pana. Kila ukoo wa Buganda una muziro, kiumbe ambacho wanaukoo hawakili, na una kabbiro, mwiko wa pili. Una mubala, mdundo wake wa ngoma wenye maneno yake. Una butaka, ardhi yenye makaburi ya wakuu wake. Watu wa ukoo mmoja hawaoani. Mtu anayejitambulisha ipasavyo hufanya kinachoitwa okulanya: hutaja jina lake, la baba, la babu, kisha anapanda ngazi, kutoka kwenye nyumba na ua hadi lunyiriri, mutuba, ssiga na mwisho akasolya, paa la ukoo, ambako anakaa mkuu wa wote. Siku ya kwanjula swali la ukoo huulizwa mbele ya wazee, na jibu likionyesha kwamba bibi na bwana wanatoka paa moja, sherehe haiendelei. Fulana yenye picha isiyo sahihi inaweza kumweka kijana mahali ambapo jezi ya timu haiwezi kumtoa.

Uzito huo ulionekana wazi baada ya Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Uingereza na Buganda. Mkataba uligawa ardhi kwa maili za mraba, na sehemu kubwa ikaenda kwa machifu wa kiserikali. Butaka nyingi za koo zikaangukia mikononi mwa watu wa koo nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakuu wa koo, bataka, walijipanga wakadai warudishiwe makaburi ya wazee wao, na mwaka 1924 serikali ya kikoloni iliunda tume ya kuchunguza madai hayo. Hawakuomba alama wala sare, waliomba udongo. Atakaye kujua ukoo ulikuwa nini kwa watu wale na asome malalamiko yao.

Na mavazi je? Mavazi mawili ambayo dunia huyatambua kuwa ya Kiganda, kanzu na gomesi, hayana ukoo hata kidogo. Kanzu ilifika na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kutoka pwani katikati ya karne ya 19, ikapokewa kwenye kasri kabla ya kusambaa. Gomesi, kwa masimulizi yanayojulikana zaidi, ilibuniwa mwaka 1905 au karibu na hapo na fundi cherehani wa Kigoa aitwaye Gomes kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, na jina la vazi bado linamkumbuka. Mtu wa Ffumbe na mtu wa Lugave huvaa kanzu ileile yenye darizi ileile ya rangi ya damu ya mzee kifuani. Ukiwatazama mia moja kwenye msiba huwezi kujua nani ni wa ukoo upi, na hawajapungukiwa na chochote.

Kitambaa cha kale zaidi kinasema hivyohivyo, na kwa namna inayostahili kutazamwa kwa utulivu. Olubugo hutengenezwa kwa gamba la ndani la mti wa mutuba, ambao ni aina ya mkuyu. Gamba huvunwa wakati wa mvua, shina likafungwa majani ya mgomba ili lipone na kuota gamba jipya. Mafundi hulipiga kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kwanza pana kisha nyembamba, ndani ya banda lililo wazi pande zote lakini lenye kivuli, gamba lisikauke upesi, mpaka linalainika na kupanuka na kupata rangi ya udongo mwekundu. Ufundi huu ni wa ukoo wa Ngonge, fisi maji, chini ya mkuu wao wa kazi hiyo, Kaboggoza, na kitovu chake ni kijiji cha Nsangwa huko Mawokota. UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Hapo pana jambo ambalo mnunuzi wa tartani hawezi kulitarajia: ukoo mmoja unatengeneza kitambaa, na koo zote zinakivaa. Mrithi hufungwa olubugo siku ya kumaliza msiba, awe wa mwiko wowote. Maiti huzikwa ndani yake. Kabaka hutawazwa nacho. Ngonge hawakijui kama sare yao, wanakijua kama utumishi wao.

Makaburi ya Kasubi, juu ya kilima ndani ya jiji la Kampala, yanaonyesha utaratibu huo kwa jengo zima. Kuezeka nyasi ni kazi ya ukoo wa Ngeye. Mapambo ni ya ukoo wa Ngo, yaani chui. Pazia kubwa la olubugo linaloficha makaburi ya wafalme wanne ni kazi ya mikono ya Ngonge. Ndani ya paa kuna pete 52, hesabu inayotajwa kuwa ya koo za Buganda, zimepangwa duara ndani ya duara. Nyumba hiyo iliteketea Machi 2010, na kuijenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi, sababu mojawapo ikiwa kwamba kila kazi ina wenyewe. Kwa hiyo Mganda anayetaka kujua alama ya ukoo wake afadhali aulize: ukoo wetu ulipewa kazi gani. Wengi watapata jibu lenye sura na harufu zaidi kuliko rangi yoyote ya kitambaa.

Msomaji makini anaweza kunipinga hapa. Atasema kuwa koo nazo zimetungwa kama tartani. Orodha ya mmisionari John Roscoe ya mwaka 1911 ni fupi kuliko inayotajwa leo, na Apolo Kaggwa, Katikkiro (waziri mkuu wa Buganda) aliyeandika historia za koo katika zama hizohizo, alikuwa mwanasiasa mwenye maslahi. Mwanahistoria Neil Kodesh ameonyesha, katika kitabu cha mwaka 2010, kuwa koo za kale zilikuwa mitandao ya watu walioshirikiana maarifa ya uganga na mahali patakatifu, si lazima watoto wa baba mmoja. Pingamizi hili lina ukweli, nami sitaki kulipunguza. Wageni na mateka waliingizwa katika koo, na vizazi vyao ni wanaukoo kamili leo. Kuwachunguza wapi walitoka ni ukatili usio na faida. Lakini kubadilika si kutungwa dukani. Kitabu kilekile cha mwaka 1983 kilichobeba sura ya Trevor-Roper kuhusu tartani kilikuwa na sura ya mwanahistoria Terence Ranger kuhusu Afrika ya kikoloni, na mwaka 1993 Ranger mwenyewe alirudi akakiri kuwa neno uvumbuzi lilikuwa zito mno, kwa kuwa watu huendelea kuzijadili na kuziwazia desturi zao kwa muda mrefu. Koo za Buganda zimejadiliwa hivyo, kwenye ndoa, kwenye misiba, kwenye kesi za ardhi, na katika korti ya Kisekwa inayosikiliza migogoro yao hadi leo. Tartani ya ukoo haikuwahi kumzuia mtu kuoa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi kwangu. Kijana aliyezaliwa Kawempe au Nansana, ambaye baba yake alifariki mapema, hana mutuba wala ssiga wa kutaja. Jina ndilo alilo nalo, na fulana yenye picha ya tumbili ndiyo mlango wake wa kwanza. Je, tumfungie? Hapana. Na Waskoti, kwa miaka 200 ya kuvaa, wamezifanya tartani kuwa zao kweli. Mtu aliyezikwa na tartani yake hakuzikwa na muuzaji. Desturi mpya inaweza kuwa halali. Ninachoomba ni iandikwe tarehe. Hata Scotland sasa ina daftari rasmi la tartani, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, na linaonyesha kila mtindo ulibuniwa lini na nani, na mtindo wa juzi haujidai kuwa wa kale. Koo za Buganda zinaweza kufanya vivyo hivyo: mkuu wa akasolya akubali mchoro, jina la mbunifu na mwaka viandikwe Bulange, makao ya serikali ya Buganda huko Mengo, na muuzaji wa Kiyembe asiwe ndiye mwenye kutoa hati ya ukale.

Kwa hiyo anayetaka kushona asianze na orodha ya majina. Aanze na mzee wa upande wa baba, aulize mwiko, ngazi na butaka, kisha apeleke majibu kwa viongozi wa ukoo ambao kwa kawaida hupatikana na huwa na hamu ya kuandikisha watu wao. Asiyempata mzee aanze na mahali: kaburi la babu huelekeza kuliko kitambulisho. Mwenye asili isiyo ya Buganda, na Kampala imejaa Waacholi, Walugbara, Wakiga, Wanyankole na Wanubi, asikubali kuvishwa mwiko wa Kiganda kwa sababu tu herufi za jina lake zinafanana. Mifumo ya kwao ina kanuni zake.

Linabaki suala la sare ya familia, ambalo ndilo linalowaleta wengi dukani. Mume na mke wa Kiganda ni wa koo mbili tofauti, kwa sharti la ndoa yenyewe, na mke habadilishi ukoo wake anapoolewa. Watoto hufuata baba, isipokuwa katika nyumba ya kifalme ambako Kabaka huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, jambo lililozipa koo nyingi nafasi ya kutoa mfalme. Kuishonea familia nzima nguo yenye mwiko wa baba ni kumvisha mama ukoo ambao si wake, na hilo wazee wa upande wa mama watalisema mbele za watu. Anayetaka kitambaa kimoja kwa nyumba nzima aweke alama mbili, ya baba na ya mama, au achukue olubugo usio na alama yoyote, ambao Ngonge wameutengeneza tangu zamani kwa ajili ya wote.